Kusini madaktari wanakuja, kinachotushinda ni kukaa nao (uzi mrefu kidogo, vumilieni)

Katibu Mstaafu

Wakuu habari za muda huu. Kila ajira za afya zikitoka naona yanaandikwa yale yale, oh vijana wa siku hizi wanapenda mjini, oh madaktari wanaikimbia Kusini, oh wafungwe mikataba wasitoke. Mimi nimekuwa katibu wa afya kwenye halmashauri, Lindi nimepita na Mtwara nimepita, barua za kuripoti za madaktari wapya zilikuwa zinatua mezani kwangu na za kuomba uhamisho nazo zinatua hapo hapo, kwa hiyo haya ninayoandika sijasimuliwa.

Madaktari wanakuja. Tena wanakuja kwa furaha, maana kijana kasoma MD (shahada ya udaktari) miaka 5, kafanya intani mwaka 1, alafu kakaa mtaani anashika zamu za kibarua kwenye zahanati binafsi huko Mbagala, siku jina lake likitoka hata akisoma Liwale anapiga vigelegele. Hajali ni wapi. Shida inaanza akishafika.

Niwaambie anavyopokelewa. Anashuka stendi na begi, ndoo imejaa masufuria, na mtungi mdogo wa gesi. Nauli kakopa kwa shemeji. Asubuhi anakuja ofisini na bahasha ya vyeti, tunagonga mihuri, tunampeleka kwa utumishi, utumishi wanamwambia posho ya kujikimu ipo kwenye bajeti ila hela bado haijaingia, asubiri. Anauliza nyumba ya mtumishi, anaambiwa ipo ila anakaa afisa wa idara nyingine, au ipo na haina dari, popo wamehamia. Akija Oktoba au Novemba ndio kabisa, msimu wa korosho gesti zote zimejaa na chumba cha kupanga kimepanda bei kwasababu mwenye nyumba anajua mjini kuna hela. Taarifa zake zikichelewa kuingizwa kwenye mfumo mshahara wa mwezi ule unampita. Sasa huyo ni daktari, mnataka mwezi wa kwanza akope unga dukani kwa mtu ambaye kesho yake anakuja kwake kutibiwa.

Na siku hiyo hiyo jioni anaambiwa dokta leo zamu ni yako.

Hapo ndipo tunapompoteza. Barua ya kuhama anakuja kuileta baadae sana, ila moyo wake ulishaondoka mwezi ule wa kwanza. Nimeona vijana wazuri mno, wana mikono, wana huruma, wanaondoka kwa jambo ambalo halmashauri ingelimaliza kwa funguo ya nyumba na hela ya kula.

Naendelea, ila naomba kwanza michango, hasa mlioko huku.

kipara_wa_nachi

Nakaa pale chini ya mwembe nasoma. Endelea mzee.

Mlipa Kodi

Mzee nakuheshimu ila hapa unawabembeleza. Huyo dokta amesomeshwa na mkopo wa serikali, hela yangu hiyo na ya mama muuza ming'oko pale Mikindani. Afungwe mkataba, miaka mitano Kusini hatoki, akitoka leseni inafutwa. Polisi na mwalimu wanapangwa popote na wanaenda, yeye nani? Mbona mnapenda kuwafanya madaktari mayai?

MD bila kituo

Mlipa Kodi mkopo unalipwa kaka, siku ukiajiriwa bodi wanakata 15% ya mshahara, hakuna aliyepewa bure hapa. Na mnaosema tunakataa vijijini naomba mnitafutie hicho kijiji nilichokataa, nimeomba kila tangazo kwenye mfumo wa ajira, niko tayari kwenda Nanyumbu hata kesho.

Mmesahau 2017? Madaktari wa Kenya waligoma, wakaja kuomba madaktari 500 kwetu, wenzetu wakajitokeza kuomba, mahakama ya kule ikazuia, Magufuli akasema basi wale 258 walioomba waajiriwe hapa hapa nyumbani. Jiulize, nchi ambayo vituo vyake havina madaktari ilipata wapi watu wa kuwaazima majirani? Walikuwa mtaani wamekaa. Ajira zilisimamishwa 2016, wakahakiki vyeti, ikatoka orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi wakaondolewa, na wa idara ya afya walikuwemo, yaani mtumishi anatoka na kijana wa kumjaza nafasi yupo Sinza anaangalia mpira.

Kwa hiyo "uhaba wa madaktari" tuseme vizuri. Wodini kuna uhaba, mtaani tumejaa.

Katibu Mstaafu

MD bila kituo umeongea point, na hilo la vibali vya ajira ni la juu kuliko halmashauri, DED (mkurugenzi wa halmashauri) hawezi kuajiri daktari wa kudumu kwa mapenzi yake. Anaweza kuchukua wa mkataba kwa mapato ya ndani, na halmashauri zenye ushuru wa korosho zinaweza kweli, ila zinaogopa kwasababu korosho haina adabu, mwaka huu bei inapaa, mwakani mnada unasusiwa, 2018 mnakumbuka yaliyotokea wanajeshi wakaja kubeba magunia. Mtu wa mkataba ukimwajiri mwaka wa neema, mwaka wa njaa unamlipa na nini?

Mlipa Kodi sasa. Kufunga mkataba sio dhambi na wala sio jambo geni. Thailand wanafanya tangu 1972, daktari akimaliza anaitumikia serikali miaka mitatu, wengi wanaanzia hospitali za wilaya, akikwepa analipa faini. Afrika Kusini wameanza 1998, mwaka mmoja wa lazima. Faida ipo, kila mwaka una sura mpya wodini. Lakini angalia neno langu, sura MPYA. Miaka mitatu ikiisha anafunga begi, anakuja mwingine asiyejua kabisa hospitali yako, anaanza upya kujua nani wa kumpigia usiku. Ukitegemea mkataba peke yake unateka maji kwa pakacha.

Wajapani walifanya tofauti. Walianzisha chuo cha udaktari kinaitwa Jichi mwaka 1972, kila mkoa unapeleka vijana wake wawili watatu, ada analipiwa, akimaliza anarudi mkoa uliompeleka anafanya kazi miaka 9 kwa jumla, asipotaka anarudisha hela yote. Na wengi wanabaki hata baada ya ile 9. Kwanini? Kwasababu ni kwao, kwa mama yake, anajua hata makaburi ya babu zake yalipo. Mkataba upo, ila kinachomshika sio mkataba.

Mlipa Kodi

Sawa mzee, ila Japani wana hela.

Katibu Mstaafu

Malawi wana hela? Miaka ya 2000 kati walikuwa wamebaki na madaktari wa kuhesabu, wahisani wakaingia, wakawaongezea watumishi wa afya nyongeza ya 52% juu ya mshahara, watu wakapunguza kuondoka. Wahisani walipoanza kupunguza mkono kazi ikawa kubeba mzigo ule kwenye bajeti ya nyumbani. Sitaki kusema pesa haisaidii, inasaidia sana, atakayekwambia daktari anafanya kazi kwa wito muulize yeye analipa kodi ya nyumba kwa wito? Ila nyongeza inayotegemea mradi siku mradi ukifungwa na mtu anafunga begi.

Hata sisi tulikuwa na wale wa mzee Mkapa, mtu wa Lupaso huyu huyu wa Masasi, taasisi yake iliyoanza 2006 ilikuwa inapeleka madaktari na watumishi wengine kwa mkataba kwenye wilaya za pembezoni. Wengine baadae wakaingia serikalini moja kwa moja. Kilichokuwa kizuri kwa wale ni kwamba mtu alifika anajulikana anakuja, kuna aliyemwandalia pa kulala. Basi. Jambo dogo namna hiyo.

Binti Newala

Shikamoo mzee. Mimi ni mkunga, kituo sitaji, ila ni huku huku juu Makondeni ambako maji tunanunua kwa ndoo.

Nataka niseme kitu ambacho nyie wa makaratasi hamkioni. Dokta mpya ukimkuta usiku wa kwanza anaitwa oparesheni unamuonea huruma. Mama kaletwa na bodaboda, mlango wa kizazi umefunguka nusu na mtoto hashuki, mapigo ya mtoto yanapungua. Namuita dokta. Anakuja mbio, anapima, anasema oparesheni. Sawa. Mtaalamu wa dawa za usingizi yuko wapi? Wa usingizi ni mmoja kituo kizima na kaenda msibani Kitangari. Tunampigia, anapanda bodaboda anarudi. Huku umeme umekata, jenereta lipo, dizeli ipo, funguo anayo mlinzi wa mchana. Dokta kasimama kavaa gauni la kijani, mikono kaiinua juu keshanawa, ananiangalia mimi. MIMI. Ana miaka ishirini na sita au saba, na mimi ndio mkubwa wake humo ndani.

Mtoto tulimtoa, alilia, namshukuru Mungu. Lakini asubuhi yule kijana alikaa kwenye benchi la kliniki ya watoto hakusema neno, akaniuliza dada hivi ikitokea damu haikati nampigia nani? Nikakosa jibu. Nani? DMO, mganga mkuu wa wilaya, yuko kikao Mtwara. Bingwa yupo hospitali ya mkoa Ligula au kule hospitali ya kanda Mitengo, namba yake hana. Alikuja kuomba uhamisho na sikumlaumu hata kidogo.

Zamani tulikuwa na ma-AMO, daktari msaidizi aliyeanzia tabibu akaenda kusoma tena, wale wazee walikuwa wanafanya oparesheni za uzazi macho yamefumba, na walikuwa wanakaa, mtu ana shamba ana mji wake. Sasa wanastaafu mmoja mmoja na wapya hatuwaoni tena, tunaletewa MD ambaye kasoma vizuri kuliko AMO lakini oparesheni peke yake kafanya chache na hana wa kusimama nyuma yake.

Katibu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hilo uliloandika lote naomba watu wasome mara mbili.

Ndio maana nilikuwa nagombana na wenzangu kwenye kupanga vituo. Halmashauri ikipata madaktari wanne, wanasiasa wanataka kila kituo cha afya kipate mmoja, diwani huyu apate wake na diwani yule apate wake, picha inapendeza. Mimi nilikuwa nasema hapana, wapelekeni wawili wawili. Daktari mmoja peke yake yuko zamu siku saba usiku na mchana, hawezi kwenda hata harusini kwao, akiumwa malaria kituo kimefungwa. Wawili wanapokezana, wanashauriana, mmoja akikosea mwingine anamshika mkono. Kituo kimoja kinachofanya oparesheni kila siku kinaokoa watu kuliko viwili vyenye jengo zuri, vitanda vipya, na daktari anayewaza kuhama.

Nilishindwa mara nyingi kwenye ubishi huo, madiwani ndio wanapitisha bajeti.

kipara_wa_nachi

Mzee mimi naona tiba ni watoto wetu wenyewe. Mtu wa Kilimanjaro utamshikaje Nachingwea? Kwao kuna hospitali ya KCMC, kuna lami, kuna dada zake. Tusomeshe wa kwetu.

Ila hapo ndio kichekesho, ukitoka Kilwa ukazunguka Lindi yote ukashuka Mtwara mpaka unagusa Ruvuma huoni chuo cha kutoa MD. Mtwara kuna chuo cha matabibu na cha wauguzi, vizuri, ila anayetaka udaktari aende Dar, Moshi, Mwanza, Dodoma, Mbeya, Ifakara. Anakaa miaka 5 huko, anapata mchumba huko, kanisa huko, timu ya mpira huko, unadhani atarudi kula mabibo?

Mama Wawili

Na hao wa kuwapeleka chuo tunao? Sekondari yetu ya kata mwalimu wa fizikia ni mmoja, kemia hakuna, wanafundishwa na kijana wa kujitolea aliyemaliza form six. Mtoto atafikaje PCB (fizikia, kemia na biolojia)? Mnaongelea madaktari wakati tatizo lipo form two.

Msukuma wa Liwale

Wakuu nimeusoma huu uzi toka juu nikaona nisikae kimya. Mimi ni daktari, kwetu ni Kanda ya Ziwa, nilipangiwa Liwale na mpaka leo nipo wilaya hii.

Kwa wasiojua Liwale, kuna njia ya kutokea Nangurukuru, kilomita kama 230 za vumbi, masika basi linalala njiani na nyie mmo humo ndani na kuku. Nilipopangiwa shangazi alilia, akasema Kusini kuna uchawi nitageuzwa mti. Nawaambia hizo hadithi ndio zinawatisha vijana kuliko hata barabara, na huku watu ni wapole, ukimtibu mtu vizuri kesho unaamka unakuta kuku mlangoni hujui kaleta nani.

Kwanini nimekaa. Kwanza nilikuta mzee AMO, yule ambaye Binti Newala anamsema. Oparesheni zangu za mwanzo alisimama upande wa pili wa meza, haongei, nikichelewa anakohoa. Kukohoa tu. Nikawa najua hapo niende taratibu. Miezi ile ndio iliyonifanya daktari kuliko chuo, samahani kwa maprofesa wangu. Pili mke wangu ni mwalimu, alihamishiwa huku kumfuata mwenza, na ilihangaikiwa na mkurugenzi mwenyewe, sio kuniambia "andika barua upitishe kwa mwajiri wako". Mtu akikaa na mkewe na mtoto anaanza shule hawezi kuwa anaangalia ratiba za basi kila Ijumaa. Tatu nina eka zangu za ufuta, mkorosho nao nimepanda. Posho ya zamu za usiku ikichelewa, na inachelewa jamani tusidanganyane, ufuta unanisukuma.

Ila niwe mkweli, nataka kwenda kusoma MMed (shahada ya ubingwa), miaka mitatu. Nikimaliza nitakuwa bingwa, na hapa Liwale bingwa atafanya nini kama hakuna wa usingizi wa kutosha, hakuna damu ya uhakika na mashine? Nitarudi Lindi mjini labda, pale hospitali ya Sokoine. Kurudi huku huku sijui.

Binti Newala

Dokta Msukuma hilo la kukohoa nimecheka hadi mtoto ameamka 😂

Mlipa Kodi

Sasa si mnaona, hata huyu mzuri anaondoka. Nilisema afungwe.

Katibu Mstaafu

Mlipa Kodi acha ubishi wa kijiweni. Huyo akienda kusoma akarudi Lindi mjini bado yuko Kusini, na mama wa Liwale mwenye kizazi kilichopasuka atamkuta njiani badala ya kumkuta Muhimbili. Mkoa ukiwa na bingwa anayeijua Liwale kwa miguu yake, anayejua nani yuko zamu na simu yake inapokelewa saa nane usiku, hiyo ni faida kubwa, tena ndio jibu la lile swali la yule kijana kwenye benchi, nampigia nani.

Nikuongezee. Kusoma ndio chambo kikubwa kuliko vyote na sisi tunakitumia vibaya. Kijana anakuja na swali moja kichwani, nitaenda kusoma lini? Akiambiwa wazi, umekaa hapa miaka mitatu, umethibitishwa kazini, jina lako ni la kwanza kwenye mpango wa mafunzo na ruhusa yako itapitishwa bila kuzungushwa, anatulia anafanya kazi. Tatizo mpango wa mafunzo kwenye halmashauri nyingi unaandikwa kwa ajili ya mkaguzi, ikifika zamu ya mtu anaambiwa "dokta ukiondoka kituo kitafungwa, subiri mwaka mwingine". Anasubiri. Wa mjini ambaye wako kumi kituoni anaruhusiwa siku hiyo hiyo kwasababu hakuna atakayeona pengo lake. Yaani tunamwadhibu aliyekubali kuja kwa kosa la kukubali kuja. Alafu tunashangaa kila mtu anakimbilia kwenye watu wengi!

Kipara, la watoto wa kwetu niko na wewe na hata WHO kwenye miongozo yao ya 2010 na ile waliyoirudia 2021 wanalisema hilo, aliyekulia kijijini ana uwezekano mkubwa wa kufanya kazi kijijini, na aliyefundishiwa vijijini vile vile. Ila Mama Wawili kakupiga penyewe, bila mwalimu wa kemia hiyo ni habari ya miaka kumi na tano mbele. Ianze leo sawa, ila mama anayejifungua Jumamosi hii hawezi kuisubiri.

Cha karibu ni intani. Mwaka ule mmoja kijana anapozunguka wodi ya watoto, wazazi, upasuaji na ya watu wazima, kama anaufanya Ligula au Sokoine au Ndanda, anaijua Kusini kabla hajaajiriwa, anajua samaki wa Shangani, anajua mabosi, pengine kapata na mchumba wa Kimwera, hapo umemmaliza. Mimi ningekuwa RMO (mganga mkuu wa mkoa) ningewahudumia intani kama wakwe. Nyumba nzuri, bingwa wa kuwafundisha kweli sio kuwatuma kuchukua majibu maabara. Badala yake sehemu nyingine intani ndio punda wa hospitali, na akitoka anasimulia wenzake kumi kwenye kundi la WhatsApp.

MD bila kituo

Mzee hapo kwenye kundi la WhatsApp umegonga ikulu. Tunaulizana hospitali gani inalipa intani kwa wakati, DMO gani mkali, wapi kuna nyumba. Halmashauri ikimtesa mmoja leo, wiki ijayo nchi nzima inajua.

kipara_wa_nachi

Ndanda umeitaja, na Nyangao je? Hospitali za wamisheni mbona zamani madaktari walikuwa wanakaa miaka?

Katibu Mstaafu

Walikaa kwasababu pale misheni walijua kitu kimoja, daktari hakai hospitalini, anakaa nyumbani. Nyumba ipo ndani ya eneo, maji yapo, fundi wa kushughulikia umeme yupo na anaamshwa usiku, kuna daktari mkubwa wa kula naye chakula. Walikuwa na mashine mbovu wakati mwingine ila mtu hakuwa peke yake. Siku hizi nao wana kilio chao, serikali ikitangaza ajira watu wanahama kwa wingi kufuata pensheni na usalama wa kazi, na siwalaumu. Kwa hiyo unakuta tangazo la ajira linajaza hospitali ya wilaya na kuacha pengo barabarani kilomita chache tu kwa wamisheni, mgonjwa ni yule yule.

Na kuna wale madaktari bingwa wa Mama Samia wanaozunguka hospitali za wilaya tangu 2024, wanakaa wiki, watu wanajaa mpaka getini. Jambo zuri sana, mimi jirani yangu katolewa uvimbe bila kwenda Dar. Ila wiki ikiisha basi linaondoka. Kama ningeulizwa ningesema ile wiki waitumie nusu kutibu na nusu kusimama nyuma ya yule kijana wa wilaya wakikohoa kama mzee wa Liwale, na wakiondoka wamwachie namba ya simu inayopokelewa.

Mama Wawili

Barabara je? Maana mnaongea kama vile barabara sio sababu.

Katibu Mstaafu

Ni sababu mama, ila imepungua. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 Kusini ilikuwa kisiwa, tunasubiri kivuko Rufiji, masika unasahau habari za Dar kabisa. Sasa ukitoka Mtwara asubuhi jioni uko Mbagala, kilomita kama 560. Juzi 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara kule Somanga tulikumbuka zamani, malori yamepanga foleni na dawa ziko ndani. Na huku ndani, Liwale, kona za Nanyumbu, bado. Ila nimeona madaktari wanavumilia vumbi, nimeona wachache sana wanaovumilia kudanganywa.

MD bila kituo

Mzee naomba nikuulize moja la mwisho, maana wanasema majina yanatoka muda wowote. Nikipangiwa Mtwara au Lindi nifanyeje nisije nikawa huyo wa mwezi wa kwanza? Mke wangu ni nesi, na yeye hana ajira.

Katibu Mstaafu

Jina likitoka usipande basi kwanza. Tafuta namba ya ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, piga, uliza katibu wa afya, jitambulishe vizuri. Muulize anayefanya oparesheni hapo ni nani na wapo wangapi, wa usingizi wako wangapi, nyumba ya mtumishi ipo au haipo na nani yupo ndani, na karatasi gani uje nazo ili uingizwe kwenye mfumo mwezi huo huo, watakwambia vyeti halisi, cha kuzaliwa, leseni ya MCT (baraza la madaktari), namba ya NIDA, akaunti ya benki, picha. Njoo na nakala za kutosha maana mashine ya fotokopi mjini ni mbili na moja mbovu. Ukifika ripoti mapema mwezini, usije tarehe za mwisho orodha ya mshahara imeshafungwa. Posho ya kujikimu iombe kwa barua siku ile ile, ipokelewe kwa muhuri, ubaki na nakala, usiiombe kwa mdomo kwenye korido.

Mkeo aje na vyeti vyake vyote. Vituo vingine wanachukua wauguzi wa mkataba kwa mapato ya ndani na anayekuja na mume daktari anasikilizwa haraka kuliko anayetuma barua kutoka Dar.

Binti Newala

Na mwambie aje na tangi la maji, la lita 1000 kama ataweza, huku bei yake mara mbili. Dokta ukipangiwa Newala niite inbox, wa usingizi tumeongezewa mmoja mwezi uliopita na funguo ya jenereta sasa inakaa wodini.

MD bila kituo

Asante dada, asante mzee. Tangi nitaliulizia Kariakoo.